Jina Lako kwa Milioni Kumi: Namba za Magari na Majivuno ya Barabarani, Kutoka Tunduma

Mwaka 2016 yalitokea mambo mawili yasiyohusiana. Januari, Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya, makao makuu yakawekwa Vwawa, na Tunduma ikaendelea kuwa ilivyokuwa siku zote, mji wa mpakani unaoishi kwa magari. Juni, Waziri wa Fedha, Dk. Philip Mpango, akasoma bajeti yake ya kwanza, na humo ndani ada ya namba ya jina, yaani namba ya gari inayoandikwa neno alitakalo mwenyewe, ikapandishwa kutoka shilingi 5,000,000 hadi 10,000,000 kwa kila miaka mitatu. Bajeti hiyohiyo ilipandisha ada ya kusajili gari la kawaida kutoka 150,000 hadi 250,000, na ya pikipiki kutoka 45,000 hadi 95,000.

Piga hesabu. Aliyeridhika na herufi na tarakimu alizopewa na Mamlaka ya Mapato, TRA, alilipa robo milioni mara moja, basi. Aliyetaka jina lake alilipa mara arobaini ya hiyo, kisha baada ya miaka mitatu arudi dirishani alipe tena. Ukigawanya kwa siku ni shilingi elfu tisa na ushee, pamoja na siku ambazo gari limelala gereji. Ada za namna hii husogezwa na Sheria ya Fedha ya kila mwaka, kwa hiyo anayetaka kununua leo aulize bei ya leo. Ila muundo wenyewe ndio wa kuangaliwa: namba ya kawaida unapewa, jina unakodishwa.

Kwa nini mtu akodi jina ambalo wazazi wake walimpa bure? Jibu la kijiweni ni majivuno, na wala si uongo. Lakini halielezi kwa nini majivuno hayo yanakwenda kwenye kipande kile cha bati na si kwenye rimu, muziki au rangi ya gari, ambavyo vingemgharimu kidogo zaidi na vikaonekana zaidi. Halielezi pia kwa nini Tunduma, mji unaopitisha malori usiku na mchana, wenye magari makubwa na fedha za kutosha wanaweka majina yao kila mahali isipokuwa hapo. Hoja yangu ni kwamba namba ya jina hainunuliwi hasa ili iseme kitu. Inanunuliwa ili kuinyamazisha namba ya kawaida, ambayo hapa Tanzania ina mdomo sana.

Namba yenye mdomo

Mfumo tulionao, wa T, tarakimu tatu na herufi tatu, ulianza mwanzoni mwa miaka ya 2000, ukachukua nafasi ya namba za zamani zilizoanza kwa TZ. Herufi zinakwenda kwa mfululizo. Zilipoisha zinazoanza na A zikafuata za B, kisha C, kisha D, na sasa tumo kwenye E. Serikali haikukusudia lolote zaidi ya kuhesabu, lakini sokoni hesabu hiyo imekuwa cheti cha kuzaliwa. Dalali anayeuza Toyota IST haanzi na injini wala mwaka wa kutengenezwa. Anaanza na herufi: hii ni namba D, ile ni namba C, na bei inapanda au kushuka kabla mnunuzi hajafungua boneti.

Hesabu ya dalali ina mantiki nusu. Magari mawili yaliyotoka kiwandani Japani mwaka mmoja yanaweza kuwa moja namba C na jingine namba E, kwa sababu herufi inataja siku gari liliposajiliwa hapa na si siku lilipotengenezwa. Anachonunua mteja ni muda ambao gari limekula mashimo ya kwetu, mafuta ya kwetu na mafundi wa kwetu. Kwa kigezo hicho namba E ni bora kweli. Lakini gari la namba B lililotunzwa na mzee mmoja Vwawa, la kwenda kanisani na kurudi, linaumizwa na herufi yake kuliko linavyostahili, na la namba E lililopinduka Mlima Nyoka likanyooshwa bodi linabebwa na herufi yake kuliko linavyostahili.

Umri si siri pekee inayotolewa. Kibao cha njano ni cha gari binafsi, cheupe ni cha biashara, na askari wa barabarani anajua kutoka mbali nani amwulize leseni ya usafirishaji na nani amwache apite. MC ni bodaboda na bajaji. Z peke yake mbele ni gari la Zanzibar. Tela lina namba yake, tofauti na ya kichwa kinachoivuta, na ndiyo maana mwenye kuliona lori kwa mbele na mwenye kuliona kwa nyuma wanaweza kubishana juu ya lori moja wakiwa wote wakweli.

Sasa mweke mfanyabiashara aliyefanikiwa ndani ya mfumo huu. Ana Land Cruiser nzuri, ameinunua miaka mingi iliyopita, imetunzwa, inang'aa. Kila anapoegesha, herufi ya C inamtangazia kila mlinzi na kila mpita njia kwamba gari hili si la juzi. Akiweka jina lake, umri unafutika. Ndiyo maana namba ya jina ina faida kubwa zaidi kwa mwenye gari zuri lililokaa kuliko kwa mwenye gari jipya, ambaye herufi yake ya sasa inamsifia bure.

Na mfanyabiashara huyo hakubuni mchezo huu. Serikali ndiyo iliyotangulia kujiandikia herufi za peke yake. ST na ndugu zake kama STK ni za Serikali ya Tanzania, SU ni za mashirika ya umma, SM za serikali za mitaa, PT za Polisi, MT za Magereza, DFP za miradi ya wafadhili. Hakuna mtoto wa mjini asiyejua kuzisoma. Gari la DFP likiingia kijijini Ileje watu wanajua kuna semina, na likiingia la STK mwenyekiti wa kijiji anatafuta koti. Herufi hizi hazikuuzwa sokoni. Mtu alizipata kwa cheo, na alipoondoka kwenye cheo zikabaki na gari. Nchi ilijifunza kutoka kwa watawala wake kwamba cheo cha mtu kinaweza kusomwa kwenye bampa.

Historia ndiyo inayoeleza kwa nini wengine walichelewa kuiga. Azimio la Arusha la Februari 1967 liliweka masharti ya uongozi yaliyowakataza viongozi kujilimbikizia mali, na neno Wabenzi, yaani wenye kutembelea Mercedes-Benz, lilikuwa tusi. Katika miaka ya uhaba wa mafuta magari binafsi yalizuiwa hata kutembea Jumapili mchana. Kuwa na gari lolote, hata Volkswagen iliyogongwa mlango mmoja, kulitosha kumtofautisha mtu na jirani zake. Milango ya biashara ilipolegezwa kuanzia 1984, na masharti ya uongozi yalipolegezwa huko Zanzibar mwaka 1991, magari yaliyotumika yakaanza kumiminika kutoka Dubai na Japani. Mwalimu akapata gari, nesi akapata, fundi cherehani akapata. Kila mtaa ulipokuwa na IST mbili, kuwa na gari hakukutosha tena, na aliyetaka kutofautishwa alibakiwa na sehemu ndogo tu ya gari ambayo jirani hawezi kuiiga. Jina, kwa sheria, halisajiliwi mara mbili.

Mpakani namba ni karatasi

Tunduma inalitazama jambo hili kwa jicho jingine. Barabara ya TANZAM inayotoka Dar es Salaam inafika hapa baada ya kilomita zaidi ya 900, inavuka kwenda Nakonde upande wa Zambia, na kutoka hapo malori yanaendelea mpaka Ukanda wa Shaba na Kasumbalesa, kwenye mlango wa Kongo. Kwenda yanabeba mafuta, mbolea na bidhaa za madukani. Kurudi yanabeba shaba na kobalti. Tarehe 5 Oktoba 2019 Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu walizindua kituo cha pamoja cha forodha ili gari lisimame mara moja badala ya mara mbili. Hata hivyo, mambo yakikwama upande mmoja, foleni inarudi nyuma kuelekea Chapwa na Mpemba, madereva wanapika chai chini ya tela, na mji mzima unajua.

Katika safari hiyo namba ya gari haipambi kitu. Ndiyo jina la lori kwenye kila karatasi. Imo kwenye tiketi ya mzani, na imo kwenye nyaraka za forodha za mzigo unaopita. Imo kwenye Kadi ya Njano, ile bima ya nchi za COMESA ambayo Tanzania imebaki nayo ingawa ilijitoa kwenye jumuiya hiyo mwaka 2000. Imo kwenye kibali cha muda cha kuingiza gari Zambia, kwenye tozo ya barabara, kwenye tozo ya hewa ukaa, na kwenye uhakiki wa Interpol kwamba gari si la wizi. Kichwa kina namba yake na tela lina yake, na zote mbili zinaandikwa. Wakala wa forodha akikosea herufi moja katika karatasi moja, karatasi nyingine zote zinaacha kuoana nayo, na lori linalala. Kila siku ya kulala ina gharama: posho ya dereva, mteja anayelalamika, zamu ya kupakia inayopotea kule migodini.

Mwenye malori ishirini anayejua haya hawezi kumpa kila lori jina kwenye kibao. Anataka namba inayofanana na nyingine zote, ambayo afisa wa Nakonde aliyechoka ameshaiona mara elfu na hahitaji kuifikiria. T, tarakimu tatu, herufi tatu: inaingia kwenye kompyuta bila swali. Neno kama MWAMBA au BABA LAO linaibua swali, na mpakani swali ni saa kadhaa.

Hofu hiyo si ya washamba. Huko California mtaalamu mmoja wa usalama wa kompyuta alisajili namba ya gari iliyoandikwa NULL, neno ambalo kompyuta hulitumia kumaanisha kwamba nafasi haina kitu. Alidhani atazichekesha mashine. Mashine zikamlipiza: kila faini ambayo karani alisahau kuiandikia namba ilitafuta mwenyewe, ikampata yeye, na habari zilipochapishwa mwaka 2019 alikuwa ameshaandikiwa faini za zaidi ya dola 12,000 kwa makosa ya watu asiowajua. Hapa kwetu pia deni la faini za barabarani hutafutwa kwa namba ya gari, na mifumo ya forodha ya nchi mbili inayozungumza yenyewe kwa yenyewe haina muda wa utani.

Pamoja na hayo, mtu anayekaa kandokando ya barabara Tunduma ana somo la jiografia bila kulipa karo. Herufi tatu na tarakimu, Zambia. GRZ, gari la serikali ya huko. Mkwaju na tarakimu za jimbo mwishoni, Kongo. GP mwishoni, Gauteng, Afrika Kusini. Zambia inauza namba za majina kupitia wakala wake wa barabara, RTSA, na Afrika Kusini inauza pia. Ila wa Gauteng wana akili moja ninayoipenda: mtu ananunua neno lake, lakini GP inabaki mwishoni, na afisa yeyote kutoka Musina hadi Tunduma anajua neno hilo ni la wapi. Nitarudi hapo.

Gari lisilo na mwenyewe

Upande wa pili kabisa wa namba ya jina ni gari la IT. Nalo liko Tunduma kuliko karibu mahali pengine popote nchini. Ni gari lililoshushwa bandarini Dar es Salaam likitokea Japani au Dubai, likielekea kwa mnunuzi wa Lusaka au Lubumbashi. Halijasajiliwa popote. Limepewa kibao cha muda chenye herufi IT, dereva amepewa mafuta na posho, na kazi yake ni kulifikisha mpakani haraka, apande basi kurudi, achukue jingine.

Madereva hawa wana sifa yao, nayo si nzuri. Wanakimbia usiku kwa sababu mapato yao ni idadi ya safari. Wanapakia abiria njiani, jambo ambalo polisi wamelikataza tena na tena, kwa kuwa gari la IT halina leseni ya kubeba watu wala bima ya kuwalipa wakiumia. Abiria wanapanda kwa sababu nauli ni rahisi, kiti ni laini na basi limeondoka. Ikitokea ajali karibu na Makambako, ndugu wa marehemu wanaanza kutafuta mwenye gari na kukuta kampuni ya Zambia iliyonunua mtandaoni, wakala wa Dar es Salaam aliyekodi dereva, na dereva ambaye ni kibarua.

Nimelileta gari la IT kwa sababu linatuonyesha kibao kina kazi gani hasa. Hakikuwekwa pale ili kumtukuza mtu. Kiliwekwa ili mtu fulani aweze kulaumiwa. Ndivyo kilivyoanza Paris mwaka 1893, polisi walipoagiza kila gari libebe jina na anwani ya mwenyewe pamoja na namba, na ndivyo Uingereza ilivyofanya kuanzia Januari 1904 kwa sheria iliyotungwa mwaka uliotangulia, watu walipochoka kufukuzwa na magari yasiyojulikana. Namba ya kwanza ya gari duniani, ukitazama vizuri, ilikuwa na jina la mtu juu yake, kwa amri ya polisi, na hakuna aliyelipa ili apate heshima hiyo. Mtu aliyelaumiwa kwa jina lake miaka ile, leo mjukuu wake analinunua.

Jina linapokwenda kwingine

Kwa hiyo majivuno ya Tunduma yako wapi? Yako kwenye kioo cha mbele, kwenye mlango, kwenye mipira ya kuzuia tope nyuma ya matairi, kwenye ubao wa nyuma wa tela. Jina la mtoto wa kwanza. Jina la kijiji. Simba na Yanga, bila shaka. Aya ya Zaburi kwa huyu, dua ya safari kwa yule. Methali iliyokatwa katikati kwa sababu nafasi imeisha, ukamalizie mwenyewe. Haya yote yanatoka kwa mchoraji au mkata stika wa mtaani kwa bei isiyofika hata sehemu ndogo ya ada ya TRA, na akibadilisha mawazo, dereva anabandua.

Watu wa pwani waligundua zamani kwamba kitu kinachopita mbele ya macho ya wengi kinaweza kubeba ujumbe. Kanga zilipoanza kuchapwa maneno mwanzoni mwa karne iliyopita, mfanyabiashara wa Mombasa Kaderdina Hajee Essak alijulikana kwa chapa yake ya Mali ya Abdulla, na tangu hapo mke mwenza amesemwa, jirani amejibiwa na mume amekumbushwa bila mtu kufungua mdomo. Maandishi ya lori ni ya ukoo huohuo: yanasema na kila mtu, hayamtaji mtu, na anayejisikia kuguswa amejitaja mwenyewe.

Tofauti kati ya maandishi haya na namba ya jina ni ya kiuchumi zaidi kuliko ya kisanaa. Lori mara nyingi si la dereva. Ni la tajiri aliye Dar es Salaam au Mbeya, na kibao ni cha tajiri na serikali. Kioo cha mbele, kwa makubaliano yasiyoandikwa, ni cha dereva. Yeye ndiye anayelala humo, na tajiri mwenye busara anamwachia kioo kwa kuwa dereva anayeliita gari kwa jina la binti yake analitunza kuliko anayeliita kwa tarakimu. Namba ya jina ni ya anayemiliki. Maandishi ya kioo ni ya anayeendesha. Tunduma ni mji wa wanaoendesha, ndiyo maana umejaa ya pili na una uhaba wa ya kwanza.

Ni kweli pia kwamba kuandika jina la tajiri kwenye kibao mpakani hakumsaidii tajiri. Mwenye fedha za biashara ya mpaka anapendelea asijulikane anapoegesha. Jina kwenye bampa linawaambia TRA, ndugu na wenye nia mbaya jambo moja kwa wakati mmoja.

Duniani wanalipa kiasi gani

Ili milioni kumi isionekane wazimu, tutazame nje. Kenya bei ya namba ya jina imewahi kuwa shilingi milioni moja ya huko, ghali kuliko ile milioni kumi yetu. Pennsylvania huko Marekani ilianza kuwaruhusu watu kuchagua herufi za majina yao tangu 1931, na leo majimbo mengi huko yanauza kwa bei ya chakula cha jioni, ndiyo maana kila mwalimu anaweza kuwa na kibao cha utani. Bei ndogo imezaa ucheshi mwingi na ofisi nzima za kuchuja matusi.

Ghuba wamechukua njia nyingine kabisa. Wao hawajali sana maneno. Wanathamini tarakimu chache. Oman, ambako familia nyingi zenye asili ya Zanzibar na bara bado huongea Kiswahili nyumbani, namba fupi ya gari ni mali ya kurithishwa na kuuzwa, na mwenye tarakimu mbili hahitaji kujieleza. Abu Dhabi iliuza namba 1 mwaka 2008 kwa dirhamu milioni 52.2. Dubai ikavunja rekodi hiyo Aprili 2023, ilipouza P 7 kwa dirhamu milioni 55, ambazo kwa fedha zetu za wakati huo zilizidi shilingi bilioni 30. Mnada ule ulikuwa wa hadhara, na fedha zilikwenda kwenye mfuko wa kulisha wenye njaa.

Unaweza kuchukizwa na kiasi hicho, na mimi nachukizwa kidogo. Lakini tazama utaratibu. Tajiri alitaka kuonekana, serikali ikamwonyesha hadharani, na bei yake ikapangwa na tajiri mwenzake badala ya karani. Sisi tuna ada moja kwa wote. Anayetaka jina la binti yake na anayetaka neno linalotamaniwa na matajiri kumi wanalipa sawa, na anayewahi ndiye anayepata. Kwa wa kwanza bei ni kubwa kupita kiasi, kwa wa pili ni ndogo kupita kiasi.

Wapo wanaosema serikali isingeuza majina kabisa, kwa kuwa inaharibu usawa barabarani na kuwapa trafiki woga wa kusimamisha gari lenye jina. Hoja ya usawa siikubali, maana usawa huo ulivunjwa zamani na STK. Hoja ya woga naikubali. Askari mdogo akiona neno lisilo na T wala tarakimu, anawaza mara mbili: huyu ni nani, na anamjua nani? Gari lenye jina lisimamishwe kama Hiace yoyote ya Mlowo, na kama halisimamishwi, basi ile milioni kumi imenunua kitu ambacho hakikuwa dukani.

Dawa yake ni ile ya Gauteng. T ibaki mbele ya kila jina, kubwa na ya kusomeka, ili afisa wa Nakonde, kamera na mwananchi aliyegongwa wajue gari ni la Tanzania na neno linalofuata ni namba yake halali. Mnunuzi hapotezi chochote. Maneno yanayotamaniwa na wengi, na tarakimu zinazofanana ambazo watu huzihusudu, yauzwe kwa mnada wa wazi, jina la mnunuzi likitangazwa. Hii ni kodi ambayo hakuna anayelazimishwa kuilipa. Maskini haimgusi, haipandishi bei ya unga wala nauli, na anayeilipa huondoka akitabasamu. Kodi za namna hiyo nchini ni chache mno kuziuza kwa bei ya dirishani. Na kama mapato yake yangejenga maegesho ya malori kati ya Mpemba na mpaka, yenye vyoo na maji, madereva wa Tunduma wangekuwa wa kwanza kuwaombea matajiri waendelee kujipenda.

Kwako unayenunua gari la mkononi lililowahi kuvaa jina: umri ulionyamazishwa bado upo. Omba kadi ya usajili, linganisha namba ya chasi na iliyopigwa kwenye gari lenyewe, angalia deni la faini kwa namba zake, kisha mpe fundi wako alikague kabla hujatoa hata shilingi ya kianzio.